Ukikwama, unampelekea nani? Niliyojifunza nikisomea na kufanya tiba ya saikolojia Dodoma

Vijana wanaonitafuta kuulizia kazi hii huanza na maswali mawili: chuo gani kizuri, na mshahara ukoje. Ni maswali ya haki, na nitayagusa yote. Lakini miaka niliyokaa kwenye kazi imenionyesha kwamba kuna swali la tatu, nalo ndilo linaloamua kama utadumu na kama watu watakaokaa mbele yako watatoka salama: ukikwama, unampelekea nani? Nawaandikia wanaotaka kuingia kwenye taaluma hii, na pia wanaotafuta msaada kwa ajili yao, mtoto, mume au mama mzazi. Hata wao wana haki ya kumuuliza mtaalamu swali hilohilo kabla hawajafungua moyo.

Nilizaliwa Kondoa, nikasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, shahada ya ualimu upande wa saikolojia. Chuo kilikuwa bado kichanga, maana kilianzishwa 2007, na wengi wetu tulichagua ualimu kwa sababu ulitupa matumaini zaidi ya kupata mkopo wa Bodi ya Mikopo. Saikolojia yenyewe hatukuijua. Tulisoma Freud, tukasoma Piaget na hatua zake za ukuaji wa mtoto, tukasoma Erikson, tukakariri, tukafaulu. Mgonjwa sikumwona hata mmoja. Siku ya mahafali ndugu zangu wakaanza kuniita mwanasaikolojia, na shangazi mmoja akanivuta pembeni akiniomba nizungumze na mwanawe aliyekuwa anaongea peke yake. Nilimwambia kwamba sijasomea kutibu, nikamsindikiza hospitali. Alishangaa sana, na simlaumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza nani ni nani katika fani hii.

Basi nieleze kwa kifupi. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesoma udaktari kwanza ndipo akabobea, na anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba, kama nilivyo sasa, ana shahada ya uzamili na amefanya mafunzo wodini na kliniki akisimamiwa; anatibu kwa mazungumzo yenye utaratibu na vipimo vya maswali, dawa haandiki. Muuguzi wa afya ya akili ndiye anayekaa na mgonjwa mchana na usiku, na huko wilayani mara nyingi ndiye utakayemkuta kwanza. Afisa ustawi wa jamii anashughulika na familia, ukatili na matunzo ya watoto. Mnasihi, yaani mtu wa kusikiliza na kushauri, anaweza kuwa amesoma miaka kadhaa, na anaweza kuwa amehudhuria semina ya siku chache tu. Wote wana kazi zao na wote wanahitajika. Hatari inakuja pale mmoja anapojifanya mwingine.

Baada ya shahada nilipangiwa kufundisha sekondari moja ya bweni wilayani Kongwa. Wiki ya mitihani ya moko, wasichana wakaanza kuanguka. Mmoja alipiga kelele usiku, akaanguka, akafuatiwa na wa kitanda cha jirani, na kabla ya alfajiri bweni zima lilikuwa linalia. Aliyewahi kufundisha shule ya bweni nchini anajua linavyosemwa jambo hili: mashetani yamepanda. Mkuu wa shule akamwita mchungaji, wazazi wa Kiislamu wakamleta ustadhi, kila mmoja akaomba kwa upande wake. Mimi nilikuwa nimesoma habari za Kashasha, kule Bukoba, ambako mwaka 1962 wasichana wa shule walishikwa na kicheko kisichozuilika mpaka shule ikafungwa, na wanafunzi waliporudishwa makwao tatizo likaenea vijijini. Nilijua kwamba mambo haya huambukizana kwa kuona na kusikia, pale watoto wanapobanwa na hofu ambayo hawana pa kuisemea. Tuliwatenganisha, tukaondoa watazamaji, tukawapa maji, tukawaketisha wakapumua polepole. Usiku wa pili walilala.

Kazi ngumu ilianza asubuhi. Msichana aliyetangulia kuanguka alinifuata ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwamba nyumbani wameshapokea ng'ombe wa mahari na anasubiriwa amalize mitihani. Cha kufanya kwa upande wa sheria kilikuwa wazi: nilikwenda kwa mkuu wa shule, tukamfikia afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na ndoa ile ikasimamishwa. Ila hofu iliyomjaa haikuondoka kwa barua. Alikuwa halali. Kila jioni alikuja ofisini, akaketi, akanitazama, akisubiri nimtoe kitu kifuani. Nikapiga simu kwa wote niliohitimu nao. Wote walikuwa walimu kama mimi. Nilikuwa na shahada yenye neno saikolojia na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumpelekea mtoto yule, wala wa kunishika mkono mimi mwenyewe. Hapo ndipo nilipoamua kurudi darasani.

Gharama zake nitazisema wazi. Nilikuwa na kiwanja Nzuguni, nilichokinunua kwa mkopo wa SACCOS ya walimu wakati sehemu ile ilikuwa bado pori. Nilikiuza nilipe ada na pango la Dar es Salaam. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, bei za viwanja zikapaa, na leo kiwanja kama kile siwezi kukinunua. Sikijutii. Nakitaja ili anayepanga kusoma ajue kwamba ada ni sehemu tu ya hesabu. Mafunzo kwa vitendo yanakutaka uwe wodini asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo tuisheni au biashara ndogo uliyokuwa unaitegemea inakufa. Weka akiba ya kula na nauli ya kipindi hicho kabla hujaomba chuo.

Kwa aliye mtumishi wa umma, hakikisha ruhusa ya masomo iko kwa maandishi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau: muulize afisa utumishi kama ukirudi na shahada ya fani nyingine kuna nafasi ya kukubadilishia kada kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Mwenzangu mmoja alirudi na uzamili wake akakuta nafasi haipo kwenye bajeti. Akaendelea kufundisha Uraia kidato cha kwanza, cheti kikiwa kabatini. Mimi nami nilisubiri muda mrefu kabla ya kuamua kuacha ajira na kujitegemea. Uamuzi huo nyumbani haukupokelewa vizuri. Mama yangu alilia. Kwa kizazi chake, kuacha mshahara wa serikali ni kumfukuza ng'ombe wa maziwa zizini.

Muhimbili, nilikosomea uzamili huo, walinifundisha kwanza kutokimbilia kusema "ni mawazo". Mtu anakuja ameacha kula, amenyong'onyea, anaongea polepole, na familia imeshakubaliana kwamba ana mawazo. Apimwe kwanza. Upungufu wa damu unaleta uchovu huo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo mno inaleta huzuni na uzito wa mwili. Ikizidi inaleta wasiwasi na moyo kwenda mbio. Malaria kali, kaswende iliyokaa miaka mingi bila tiba, VVU, kifafa, sukari iliyoshuka, yote yanaweza kumfanya mtu aonekane amerukwa na akili. Hata dawa zenyewe: efavirenz, iliyotumika miaka mingi kwa watu wenye VVU, iliwaletea baadhi yao ndoto za kutisha na hali ya huzuni. Kwa hiyo ukifungua chumba chako mtaani, uwe na daktari unayeweza kumpigia simu na kumpelekea mtu siku hiyohiyo. Usipokuwa naye, bado hujawa tayari kufungua.

Tulifundishwa pia vipimo vya maswali. PHQ-9, inayotumika kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ina maswali tisa yanayohusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 27, na mtu akifika 10 unatakiwa kumwangalia kwa makini zaidi. Ipo kwa Kiswahili na inasaidia. Lakini mzee mmoja nilipomsomea swali la kukosa raha katika shughuli alinijibu, "Mwanangu, kulima hakuna raha, ni kulima." Kwa karatasi ile hakuwa na tatizo. Nilipomuuliza kama bado anakwenda kukaa na wenzake jioni, akanyamaza, mkewe ndiye aliyejibu: tangu mavuno hajatoka nje ya ua. Watu wa huku hawaji na neno sonona. Wanakuja na kichwa kinachowaka moto, moyo unaokwenda mbio, mwili uliochoka, usingizi uliokatika saa nane za usiku. Anzia hapo.

Sasa nifike kwa mtu aliyenifanya niwe nilivyo. Niliporudi Dodoma nilimtafuta muuguzi mstaafu wa afya ya akili, ambaye wote tunamwita Sista. Dodoma ina bahati katika jambo hili. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ipo tangu 1927, na jirani yake ni Isanga, wanakopelekwa wagonjwa wenye kesi mahakamani. Kwa hiyo mji huu una wazee wengi wa fani hii, wauguzi na matabibu waliokaa na wagonjwa wagumu miaka na miaka. Wengi wamestaafu, wanafuga kuku Nkuhungu na Ipagala, na hakuna anayewauliza kitu. Kijana anayetoka chuo anadhani aliyemzidi cheti ndiye wa kumsimamia. Sista ana cheti cha chini kuliko changu, na kwa kusikiliza hakuna profesa niliyemwona anamfikia.

Nilikuwa nampelekea maelezo ya vikao vyangu, majina nimeyaondoa. Mara ya kwanza niliandika kurasa nzuri, za kitaalamu: mteja ana huzuni, anajilaumu, anakwepa watu. Sista alisoma mstari mmoja, akaweka kiganja juu ya karatasi, akafunika yote yaliyobaki.

"Hapa umeandika anajilaumu. Alisema nini hasa?"

"Alisema anajiona ana makosa, Sista."

"Hayo ni yako. Maneno yake."

Ilibidi nifikiri sana. Mteja alikuwa amesema, "Mtoto wangu alifia mgongoni, nimembeba, mimi natembea tu." Nilipoyatamka, mimi mwenyewe nilianza kulia pale sebuleni kwake, kuku wakipita mlangoni. Sista hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akasema, "Sasa tumefika kwa mgonjwa. Na wewe ulihisi nini alipoyasema?" Nikagundua kwamba niliandika "anajilaumu" ili nisibaki na yale maneno. Mama yule alinisimulia safari yake ya kwenda zahanati hatua kwa hatua, na kila nilipotaka kuharakisha alikuwa anasimama. Nilirudi kwake nikiwa tayari kutembea naye mwendo wake. Ndivyo alivyoanza kupona.

Huko ndiko kusimamiwa. Msimamizi hakai ofisini kukagua karatasi zako kama mkaguzi wa shule. Anasikia ulichokikimbia wewe. Tiba ya kubadili fikra na matendo aliyoiasisi Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960 unaweza kuisoma vitabuni, na uisome. Ina hatua zinazofuatika na inasaidia watu wengi. Carl Rogers naye umsome, hasa pale anaposema mteja apokewe bila masharti. Lakini kitabu hakikuambii kwamba jana umemkatiza mjane mara nne kwa sababu ulikuwa unaogopa machozi yake. Hilo linahitaji mtu.

Sista ndiye pia aliyenisaidia kuvuka sehemu ambazo vitabu na Dodoma haviongei lugha moja. Kwa mfano, vitabu vingi tulivyosoma vinashauri ukikutana na mteja barabarani usimsalimie mpaka aanze yeye, ili kulinda siri yake. Lijaribu hilo soko la Majengo. Ukimpita mtu mzima anayekufahamu bila kumwamkia umemtukana, na walio naye watauliza kulikoni. Kwa hiyo mwishoni mwa kikao cha kwanza huwa tunakubaliana. Namuuliza, "Mama, tukikutana njiani nikuamkie vipi?" Karibu wote husema niwaamkie kama kawaida. Basi naamkia, shikamoo, habari za nyumbani, napita. Siulizi "unaendeleaje sasa", hata kama nina hamu ya kujua, kwa sababu aliye pembeni ataelewa kwamba kulikuwa na jambo.

Zawadi nazo. Mtu ametoka Bahi na kifuko cha karanga au ubuyu, wewe umwambie maadili ya kazi hayaruhusu? Kanuni ya Sista ni hii: kinacholiwa hapohapo kipokee, ukile mbele yake, ukiandike kwenye faili; kinachobebwa kwenda nyumbani kwako, keti naye kwanza mzungumze kinatoka wapi na anatarajia nini. Kuku wawili nimewahi kuwarudisha kwa heshima, tukamaliza kikao kizima tukizungumzia deni ambalo mteja alihisi analo kwangu, na deni hilo lilitufikisha kwa baba yake.

Salamu usizipunguze. Mzee wa Kigogo ukimpokea kwa "Mbukwenyi" naye akakujibu "Mbukwa", kisha ukauliza mvua, ukauliza ng'ombe na watu wa nyumbani, dakika hizo hujazipoteza. Umri wako na wake umeshapata mahali pake, na sasa anaweza kuzungumza na binti mdogo mambo ambayo hangeyasema. Mmoja aliletwa na kijana wake kutoka Mpwapwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu anasema wewe unatibu watu kwa maneno."

"Karibu sana baba. Kijana atusubiri nje, au ungependa akae?"

Akamtazama mwanawe. "Akae. Yeye ndiye aliyetoa nauli, asikie."

Chuoni tungesema faragha imevunjwa. Lakini mzee alikuwa na sababu. Nauli ile isingepatikana tena mwezi huo, na aliyepaswa kusikia mpango wa nyumbani ni yule kijana, kwa sababu ndiye angeutekeleza. Hili ndilo jambo ningependa kila mwanafunzi wa fani hii anayetarajia kufanya kazi mikoa ya kati alishike: huenda kikao cha kwanza kikawa cha mwisho. Mvua zikianza watu wako shambani, na msimu wetu ni mmoja tu kwa mwaka, hauchezewi. Usitumie saa nzima kujaza fomu ukitegemea wiki ijayo. Kabla hajaondoka awe ameeleza linalomuumiza, awe amepata maelezo ya ugonjwa wake kwa lugha anayoielewa, awe na jambo moja au mawili ya kufanya nyumbani, ajulikane nani atamwangalia, na mkubaliane siku ya kupigiana simu. Kama anatumia dawa za sonona, mweleze yeye na ndugu kwamba zinachukua wiki kadhaa kuanza kuonyesha nafuu, maana wengi huziacha siku ya tano. Kama amepewa haloperidol, dawa ya kutuliza dalili za kurukwa na akili, waambie kwamba shingo ikikakamaa au macho yakipanda juu warudi hospitali mara moja, na kwamba hilo ni athari ya dawa inayotibika. Nimeona familia zikiamini ni pepo limeongezeka, wakaacha dawa, wakaenda kwa mganga.

Wanaosema tiba ya mazungumzo ni ya wenye nafasi huwa nawapa habari ya Zimbabwe. Tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi na watu wenye huzuni na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba watu wanapata nafuu ya kweli. Shirika la Afya Duniani nalo lina mwongozo wa vikao vitano unaoweza kutolewa na mtu asiye mtaalamu, mradi amefundishwa na anasimamiwa. Kote huko usimamizi ndio uti wa mgongo.

Wateja wangu wa mjini wana mambo mengine. Baada ya wizara kuhamia huku, nilianza kupokea watumishi walioacha wenza na watoto Dar es Salaam. Mchana ofisini Mtumba, jioni chumba kimoja Ilazo au Kisasa, pombe kidogo ili usingizi uje, kisha pombe nyingi. Treni ya mwendokasi iliyoanza 2024 imepunguza machungu ya mwisho wa wiki. Hawa wanalipa, lakini wanaogopa kuonekana. Chagua chumba chenye mlango unaofungika na njia ya kutokea isiyopita mapokezi. Kwangu hilo limeleta wateja kuliko tangazo lolote.

Kuhusu fedha, mwaka wa kwanza wa kujitegemea ulikuwa mgumu. Mtu analipia maabara bila kuuliza, lakini kulipia mazungumzo anaona ajabu. Nilifanya kazi za mkataba kuziba pengo, na shirika moja, jina naliacha, lilinichelewesha malipo mpaka nikashindwa pango. Saini mkataba unaotaja tarehe ya malipo, idadi ya wateja kwa siku, na nani mwenye faili mradi ukiisha. Hilo la mwisho ni zito: mradi ulipofungwa, wateja waliachwa katikati na faili zikataka kuhamishiwa kwa watu wasiohusika. Nilipigania zibaki hospitali, na zilibaki.

Kuna usiku ambao sitausahau. Mteja alinitumia ujumbe wa kuaga. Nilimpigia, akapokea, nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hivyo hakumwekei mtu wazo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kushusha mzigo. Tulizungumza mpaka dada yake akafika, vitu vya hatari vikaondolewa nyumbani, dawa zake akazishika dada, na alfajiri wakaenda hospitali. Familia ilikuwa inaogopa zaidi polisi, kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Hofu hiyo inawafanya ndugu wengi wafiche na wachelewe. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu wa namna hiyo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa tabibu, na sheria hiyo inapaswa kubadilishwa. Kama unayesoma haya uko katika hali hiyo leo, mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe na muende hospitali iliyo jirani, usisubiri kupambazuke.

Yeye alipona. Mimi nilikaa wiki nyingi nikishtuka kila simu ikilia. Nikawa mkali kwa watoto wangu, nikaacha kwaya, nikaanza kuwaombea wateja wasije. Mume wangu aliona, lakini siri za wateja hazisemeki mezani, kwa hiyo nikanyamaza. Sista ndiye aliyeniambia nipunguze wateja na nikatafute mtaalamu wa kunisikiliza mimi, mtu mwingine kabisa, asiyekuwa yeye. Nilikwenda, na nililipa kama wateja wangu wanavyolipa. Weka gharama hiyo kwenye bajeti yako tangu mwanzo.

Wewe unayetafuta msaada, usione haya kuhoji. Muulize anayekuhudumia amesomea wapi, mafunzo ya vitendo alifanyia wapi na chini ya nani, na akikwama kwenye jambo lako anampelekea nani. Mtaalamu wa kweli hujibu bila kukasirika. Anayekwambia hajawahi kukwama, anayekukataza dawa ulizoandikiwa na daktari, au anayekuahidi kupona kwa vikao vitatu, muage kwa heshima.

Siku hizi tuko kikundi kidogo tunaokutana Jumamosi mbili kwa mwezi, wanasaikolojia, wauguzi, maafisa ustawi wa jamii na walimu wa unasihi. Sista huja afya ikimruhusu. Mwalimu wa Chamwino huwa anafika wa kwanza na chupa ya chai. Anayetaka kujiunga tunaangalia cheti chake, kisha tunamwomba alete kikao kimoja kilichomkosesha usingizi: majina yameondolewa, na maneno ya mteja yameandikwa kama yalivyosemwa.